Chumvi ukutani: kabla hujapaka rangi ya nne, angalia pevingi

*"Nyumba yetu iko Kigamboni, kama mita 600 kutoka ufukweni. Tulihamia mwaka 2016. Miaka ya mwanzo hatukuwa na shida, lakini tangu 2022 kuta za sebule na vyumba viwili vya mbele zinatoa unga mweupe kwa chini. Rangi inafanya malengelenge halafu inabanduka, na lipu inamomonyoka ukiigusa. Unyevu umefika usawa wa goti, sehemu nyingine kiunoni. Tumepaka rangi mara tatu. Mara ya mwisho fundi alipaka rangi ya mafuta ili kuzuia maji, na masika yaliyofuata hali ikawa mbaya zaidi. Ukuta wa chumba unaopakana na bafu umelowa hadi juu ya swichi. Fundi mmoja anasema tubandike vigae mpaka mita moja na nusu, mwingine anasema hewa ya bahari haina dawa. Nje tuliweka pevingi mwaka 2021, kwa hiyo maji hayatuami. Tunataka pia kuongeza vyumba viwili nyuma na tunaogopa kurudia kosa. Tufanye nini?"*

Poleni sana. Kupaka nyumba mara tatu na kuona rangi inaanguka kila baada ya masika kunakatisha tamaa, na naelewa kwa nini vigae vinaanza kuonekana kama suluhisho. Naomba mzuie kwanza hiyo pesa ya vigae. Chanzo cha tatizo si rangi zenu, na vigae vitaficha tatizo kwa muda mfupi tu halafu vitalipandisha juu zaidi.

Kwenye swali lenu kuna jambo mmelitaja kama la kupita, nalo ndilo lililonishtua: pevingi ziliwekwa 2021, ukuta ukaanza kuugua 2022. Nyumba ilikaa miaka mitano bila shida, hewa ya bahari ikiwa ile ile, matofali yale yale. Kilichobadilika ni usawa wa ardhi nje ya ukuta, kwa hiyo nitaanzia hapo.

Tofali la saruji lina vitundu vidogo mno vilivyoungana, na hufanya kazi kama utambi wa koroboi. Ukichovya ncha ya utambi kwenye mafuta, mafuta hupanda yenyewe bila kusukumwa na mtu. Maji ya ardhini nayo hupanda ukutani kwa namna hiyo hiyo, kwa kawaida hadi karibu mita moja, mara chache mita moja na nusu. Ndiyo maana mjenzi huweka kizuizi kati ya msingi na ukuta, kile mafundi wanachokiita DPC: nailoni nzito au karatasi yenye lami inayolazwa juu ya msingi, usawa wa jamvi, yaani zege la chini ya sakafu. Maji yakifika pale hukwama. Lakini kizuizi hicho kina maana pale tu ardhi ya nje inapokuwa chini yake. Kanuni ya ujenzi ni kwamba DPC iwe angalau sentimita 15 juu ya usawa wa ardhi wa nje. Anayeweka pevingi humwaga kifusi na mchanga, hushindilia, kisha hupanga tofali zake, na mara nyingi ardhi hupanda sentimita 10 hadi 20. Hapo udongo wenye maji unakuwa umeegemea ukuta juu ya kizuizi, na DPC yenu, hata iwe nzima kabisa, imerukwa. Tena matone ya mvua yakipiga sakafu ngumu hurukia ukutani, kitu ambacho mchanga wa awali haukukifanya kwa kiwango hicho.

Sasa hiyo chumvi. Maji yanayopanda hubeba chumvi iliyoyeyuka, kutoka ardhini, kutoka kwenye mchanga uliotumika, au kutoka kwenye maji ya kisima yaliyokorogea zege. Yakifika juu ya ukuta hukauka, chumvi hubaki. Ikibaki nje mnaiona kama unga mweupe, na hiyo haina madhara makubwa. Ikibaki nyuma ya rangi au ndani ya lipu, chembe zake hukua ndani ya vitundu vile, husukuma, na lipu huvunjika kutoka ndani kuja nje. Hayo malengelenge ni chumvi ikitafuta nafasi.

Hapo mtaona kwa nini rangi ya mafuta iliwaumiza. Unyevu husimama pale ambapo maji yanayopanda yanalingana na yanayokauka. Rangi ya mafuta ilizuia ukaukaji usoni mwa ukuta bila kugusa maji yanayoingia chini, kwa hiyo yakapanda hadi yalipopata pa kutokea. Vigae vya mita moja na nusu vitafanya hivyo hivyo: baada ya misimu miwili mtaona mstari wa unyevu juu ya kigae cha mwisho, na vya chini vitaanza kulia kitupu ukivigonga. Saruji yenye dawa ya kuzuia maji ikipigwa upande wa ndani peke yake ina kasoro ile ile.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Chumvi ya kawaida hunyonya maji kutoka hewani yenyewe pale unyevu wa hewa unapofika takriban asilimia 75, na Dar es Salaam hufika hapo asubuhi nyingi za mwaka. Ndiyo sababu ukuta unaweza kuwa na madoa yaliyolowa hata wiki ambayo hakuna mvua, ukakauka mchana, ukalowa tena usiku. Kwa hiyo mna maadui wawili: maji yanayoingia, na chumvi ambayo tayari imejazana. Mkiondoa mmoja na kumwacha mwingine, ukuta hautapona.

Kuhusu hewa ya bahari, fundi wenu hajakosea kabisa, kwani upepo hubeba chumvi kweli. Lakini chumvi ya upepo hushambulia uso wa nje, upande unaoelekea bahari, toka juu hadi chini, na hula mabati, nondo na bawaba kabla ya lipu. Haiwezi kuchagua kuta za ndani kuanzia sakafuni mpaka kiunoni. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zikikabili bahari kwa vizazi. Chokaa huruhusu unyevu kutoka. Kuta hizo zikifungwa kwa lipu ngumu ya saruji, unyevu hunaswa ndani.

Hatua ya kwanza ni kupima, na haigharimu kitu. Chukueni mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, kama ule wanaotumia mafundi kupima usawa. Ncha moja iwe ndani, maji yake yakilingana na sakafu mlangoni, nyingine nje kando ya ukuta wenye tatizo. Pimeni kutoka usawa wa maji ule wa nje hadi kwenye pevingi. DPC kwa kawaida iko usawa wa jamvi, yaani sentimita chache chini ya sakafu iliyomalizika. Pevingi zikiwa sentimita 5 tu chini ya sakafu, au zimelingana nayo, jibu mmelipata. Ng'oeni pevingi tatu au nne kando ya ukuta, chimbeni kidogo, gongeni lipu ya nje kwa tindo mtafute ule mstari mweusi wa nailoni au lami kati ya kozi (safu) mbili za tofali. Kuuona kwa macho ni bora kuliko kukisia, kwa sababu ziko nyumba ambazo DPC haikuwekwa kabisa, na matibabu yake ni mengine.

Jaribio la pili: kateni nailoni inayoona, sentimita 50 kwa 50, mbandike ukutani kwa selotepu pande zote nne bila kuacha mwanya, mahali palipokauka kiasi. Iacheni saa 48. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa mbele, upande wa chumba, ni hewa ya chumba inayogandia ukuta, na dawa yake ni madirisha na nafasi ya hewa nyuma ya makabati. Kwa ule unga mweupe, dondosheni tone la maji: chumvi huyeyuka na kupotea, fangasi haiyeyuki. Fangasi mara nyingi ni nyeusi au ya kijani na hupenda pembe za juu.

Ukuta wa bafuni nautenganisha, maana unyevu wa ardhini haupandi kufika juu ya swichi. Hapo natuhumu bomba au sakafu ya bafu. Kwanza kabisa, kwa kuwa kuna swichi kwenye ukuta uliolowa, zimeni umeme wa saketi hiyo na msiiguse swichi hiyo hadi fundi umeme mwenye leseni aikague. Kisha usiku fungeni mabomba yote, msifungue kitu, na mwandike namba za mita ya maji. Asubuhi zisomeni tena. Zikisogea, kuna bomba linalovuja. Kama mnatumia tangi la juu, fungeni maji yanayoingia na mweke alama ya usawa tangini badala ya mita, maana tangi likiendelea kujaa litawadanganya. Namba zisiposogea, zibeni tundu la maji machafu la bafu, jazeni maji sentimita 3 hadi 5, wekeni alama na mwangalie baada ya saa kadhaa. Maji yakipungua kwa kasi kuliko ya ndoo iliyowekwa pembeni, yanapita kwenye viungo vya vigae au pembezoni mwa tundu. Hilo lirekebishwe na mafundi bomba kabla ya kugusa lipu ya chumba.

Tuseme kipimo kimethibitisha pevingi. Kazi ya kwanza iko nje, na huenda ndiyo rahisi kuliko zote. Ng'oeni ukanda wa pevingi wenye upana wa sentimita 40 hadi 50 kando ya kuta zote zenye tatizo, chimbeni kupita sentimita 15 chini ya DPC, kisha mjaze kokoto safi bila saruji na bila mchanga, juu yake pabaki chini ya usawa ule. Msiache huo ukanda ukawa bwawa: sehemu ya chini iwe na mteremko kuelekea mtaroni, na pevingi zilizobaki ziinamie mbali na nyumba, walau sentimita 2.5 kwa kila mita. Kokoto pia huvunja mruko wa matone. Wekeni mfereji wa paa kama haupo, na kama mna bustani ya maua iliyoegemea ukuta, ihamisheni. Kuimwagilia kila jioni ni kumwagilia sebule.

Ndani, bandueni lipu yote iliyoharibika na mwendelee sentimita 50 juu ya mstari wa mwisho wa unyevu, hadi mfike kwenye tofali. Hapa ndipo wengi hubana, wanabandua pale palipovimba tu, na chumvi iliyobaki pembeni hurudi kwenye lipu mpya. Tandikeni turubai chini, kwa sababu kifusi hicho kimejaa chumvi. Kikibaki kando ya msingi, mvua itairudisha ardhini na ukuta utainywa upya. Sugueni tofali kwa brashi kavu. Msioshe kwa maji mengi, kwani maji huyeyusha chumvi na kuirudisha ndani, na msitumie asidi ya kusafishia, maana ile inayouzwa sana madukani huacha chumvi nyingine mpya.

Kisha mngoje. Najua hapa ndipo subira huisha, lakini hesabu ya kawaida ni karibu mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene wa ukuta. Ukuta wa tofali la inchi 6 unaweza kuchukua hata miezi sita kukauka kabisa. Uzuri wa pwani yetu ni kwamba mkianza mwezi Juni, masika yakiwa yameisha, kipupwe na upepo wa kusi vitawafanyia kazi hadi Oktoba. Fungueni madirisha mchana, sogezeni kochi na vitanda mbali na ukuta.

Wakati mnangoja, chumvi inaweza kuvutwa nje. Loweka karatasi nyeupe zisizo na maandishi, hata karatasi za chooni, kwenye maji ya mvua hadi ziwe uji mzito. Ukiuminya mkononi uachie matone machache tu. Lowanisha tofali kidogo kwa maji hayo hayo, bandika uji huo unene wa sentimita moja hadi mbili, ukiukandamiza kwa kiganja usibaki na hewa nyuma. Chumvi huyeyuka, husafiri kuelekea kwenye uji, na uji unapokauka huikamata. Baada ya siku kadhaa ukingo wake utaanza kujikunja na kuachia ukuta wenyewe. Ukiutazama utaona vichembe vinavyong'aa upande uliotazama nje. Utupe mbali na rudia mara mbili au tatu, hadi uji utoke bila ule ung'avu. Ni kazi ya polepole, kwa hiyo ifanyeni pale palipoharibika zaidi.

Lipu mpya isiwe ya saruji kali. Changanyeni saruji moja, chokaa moja na mchanga sita, kwa ujazo. Ukuta wa urefu wa mita 4, ukipigwa kimo cha mita 1.2 na unene wa milimita 15, utahitaji takriban nusu mfuko wa saruji wa kilo 50, chokaa yenye ujazo sawa na hiyo saruji, na ndoo tano za lita 20 za mchanga wa mtoni uliooshwa. Chokaa iwe ya ujenzi, ile ya shambani haishiki. Iloweke usiku kucha na uvae glovu na miwani, maana inaunguza ngozi na macho. Pigeni mara mbili, milimita 10 halafu 5, na msifikishe lipu sakafuni: acheni mwanya wa sentimita 2 hadi 3 mtakaouficha kwa ubao wa pembeni. Lipu ikigusa sakafu inakuwa daraja jipya la maji. Inyunyizieni maji baridi, yasiyo ya kisima chenye chumvi, kwa siku saba.

Mwaka wa kwanza pakeni chokaa au rangi ya maji isiyong'aa. Msipige skimu ya jipsamu kwenye kuta hizo, ni laini na hunyonya maji kama mkate. Msishtuke mkiona unga kidogo miezi ya mwanzo. Ni mabaki yanayotoka. Ufuteni kwa brashi kavu.

Je, kama mkichimba msikute DPC? Ipo dawa ya krimu inayosindikwa kwenye matundu. Fundi hutoboa matundu ya milimita 12, kila sentimita 10 hadi 12, kwenye mstari wa udongo wa saruji kati ya kozi mbili karibu na sakafu, akibakiza sentimita 4 hivi bila kutoboka upande wa pili, kisha hujaza krimu ambayo huenea na kuzuia vitundu kunyonya. Inafanya kazi kwenye tofali zisizo na uwazi ndani. Kwenye bloku zenye matundu matokeo hayaaminiki. Na hata pale inapofanikiwa haiondoi chumvi iliyopo, kwa hiyo kazi ya lipu niliyoieleza bado itabaki palepale. Mkifanya hayo yote na unga ukaendelea kutoka sawasawa ukuta mzima, hadi juu ya madirisha, basi chumvi imo ndani ya tofali zenyewe. Hapo sitawaahidi tiba ya kudumu: lipu ya chokaa itakuwa lipu ya kafara, mtaibadilisha kila baada ya miaka kadhaa ili tofali lisiliwe.

Mwiteni mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi bila kungoja kama mtaona ufa unaofuata mstari wa nondo kwenye nguzo au ringibimu (mkanda wa zege wa juu ya kuta), madoa ya kutu, zege linalopasuka vipande, sakafu iliyotitia, au ukuta ulioinama. Chumvi huozesha nondo, nondo yenye kutu huvimba, na hilo halitibiwi kwa lipu. Kama kuna mtu mwenye pumu ndani na kuta zina fangasi, asilale kwenye chumba hicho, wala asiwepo siku ya kubandua.

Kwa vyumba viwili vya nyuma, simameni juu ya mambo manne. Maji ya kukorogea yawe yasiyo na ladha ya chumvi. Mchanga usiwe wa ufukweni. Kabla ya kushusha lori, chukueni kikombe kimoja cha mchanga, korogeni na vikombe viwili vya maji ya mvua, yaacheni yatulie, kisha anikeni maji ya juu kwenye sahani nyeusi juani pamoja na sahani nyingine yenye maji ya mvua matupu. Sahani ya kwanza ikiacha utando mweupe na ya pili haina, rudisheni lori. Nailoni ya chini ya jamvi iwe ya geji 1000 (geji ni kipimo cha unene), maungio yake yapishane angalau sentimita 15, na iungane na DPC ya ukutani bila kuacha mwanya. Simameni hapo wakati inalazwa, kwa sababu hutobolewa na toroli dakika kumi kabla ya zege kumwagwa. Na sakafu ya vyumba hivyo iinueni ya kutosha, ili siku mtakapozifikisha pevingi huko nyuma zikae sentimita 15 chini ya DPC.

Anzeni na ule mpira wa maji mlangoni wikendi hii. Mkikuta pevingi ziko sentimita 15 au zaidi chini ya DPC kama inavyotakiwa, msichimbe kitu bado. Hamieni kwenye jaribio la nailoni na mita ya maji kwanza.